Uzoefu wangu: nyama choma Njiro, mguu wangu wa mbuzi ukaliwa meza ya jirani

Nianze kwa kusema sina shida na kusubiri. Mtu wa Arusha akienda kula nyama choma anajua kabisa anaenda kusubiri, mbuzi haivi kwa dakika kumi, na ukiona imekuja chapchap jua hiyo ni ya mchana imepashwa. Kwa hiyo wale mtakaokuja kuniambia "ungevumilia kaka" mjue mapema kwamba nilivumilia. Tumekaa pale kuanzia saa moja na nusu mpaka inakaribia saa nne usiku na sikumfokea mtu. Jina la sehemu silitaji, ni huku huku Njiro, na Njiro sehemu za nyama ziko nyingi.

Ilikuwa kile kipindi cha baridi, Ijumaa moja. Tupo wanne, mimi, shemeji yangu, mshkaji mmoja dereva wa watalii ambaye kesho yake alfajiri alikuwa anapeleka wageni Tarangire, na jamaa yetu wa Dar aliyekuja kikazi na fulana tu, baridi ya Arusha ya mwezi wa saba anaisikiaga kwenye stori. Mpango ulikuwa tule, tupige stori kidogo, saa tatu na nusu kila mtu kwake. Basi. Hakuna aliyeaga nyumbani kwamba atachelewa.

Sasa hapa ndo nataka msome vizuri. Buchani niliingia mwenyewe. Walikuwa wamening'iniza mbuzi wawili, nikachagua mguu wa nyuma, umenona, una ule muhuri wa mkaguzi umegongwa juu ya paja, wino umechuruzika kidogo kushuka gotini. Wakaupima, kilo 3 kasoro kidogo, wakahesabu 3 kamili, nikanyamaza, mambo ya kugombana na mizani siyawezi. Yule wa bucha akachana kipande cha boksi, akaandika M7 kwa kalamu nene, akakichomeka kwenye nyama kwa njiti, mguu ukaenda jikoni. Meza namba saba ndo sisi. Nimeuona mguu wangu kwa macho yangu unalazwa kwenye wavu.

Tukakaa. Yule wa Dar akahamia karibu na jiko la mkaa akawa anatetemeka huku anajifanya anaangalia wanavyochoma, mpaka mlinzi wa getini, mzee mmoja wa Kimasai, akamhurumia akavua shuka lake akampa ajifunike. Shuka lake mwenyewe, na yeye yuko nje usiku kucha. Hiyo ndo huduma pekee niliyoiona pale ndani, na mwenye kuitoa hata siyo mhudumu.

Sinia likaja. Dada ameliweka kwa tabasamu, ndizi za kuchoma, kachumbari, pilipili pembeni, kwa mbali vinapendeza. Nikaanza kugeuza kipande kimoja kimoja natafuta mfupa wa paja. Hamna. Kuna mbavu, tena zile nyembamba za mwisho mwisho, kuna shingo, kuna vitu vingine hata shemeji yangu aliyekulia kwenye mifugo Monduli alishindwa kuvitambua. Nikageuka nyuma. Meza ya jirani kuna wazee watatu wamelegeza mikanda, wanamalizia mfupa mnene, na pembeni ya sinia lao kuna kipande cha boksi kimeloa mafuta kimeandikwa M7.

Wazee sina ugomvi nao, wameletewa wakala, nani angekataa.

Nikaenda kaunta. Kuna kijana pale ndo msimamizi, macho yote kwenye simu anafuatilia mkeka wake wa kubeti. Nikamwambia mkuu, nyama yangu imepelekwa meza nyingine. Hajanyanyua hata uso. "Kwani hamjaletewa nyama?" Nikamwambia nimeletewa mbavu na shingo, mimi nilinunua mguu. Akasema hivi, na naandika alivyosema: "Bro, mbuzi ni mbuzi. Ikishakatwa haina jina."

Afu yule dada akaziba mdomo anacheka.

Aisee. Nina umri wangu, nimeshajibiwa vibaya kwenye daladala, benki, kwenye ofisi za watu wenye mihuri, lakini ile sentensi imekataa kutoka kichwani. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ukienda kihesabu jamaa ana kauhalali fulani, bei ya kilo pale ni moja, mguu au mbavu. Ila wanaojua nyama wanajua. Kilo 3 mbichi haiji mezani kilo 3, maji yanatoka, mafuta yanadondokea mkaa, kama robo yake imeondoka, hilo nakubali sibishi. Sasa ukipunguziwa na moto halafu kilichobaki nusu ni mifupa ya mbavu, watu wazima wanne mnakula nini? Tumekula ndizi. Yule wa Dar alikula kachumbari na mkate aliobaki nao kwenye begi tangu kwenye basi.

Kama hesabu ndo anazopenda basi twende kwenye bili. Imeandikwa kwa mkono kwenye kikaratasi, ndizi sahani nne wakati zimekuja mbili, na soda ya mtu ambaye hayupo mezani kwetu. Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, eti mashine haina chaji. Kila siku tunaambiwa ukinunua dai risiti, haya nimedai, mashine haina chaji saa nne usiku na taa zinawaka na spika zinapiga mpaka meza inatikisika! Huko Olmoti unajengwa uwanja mkubwa kwa ajili ya AFCON ya 2027, wageni watajaa mji huu, nawaza tu siku Msenegali ananunua mguu wake anaambiwa mbuzi ni mbuzi.

Nikalipa taslimu niondoke. Chenji yangu elfu nne eti hakuna, akaandika namba yangu nyuma ya kile kikaratasi, "ntakurushia bro".

Sasa kuna jambo itabidi niliseme hata kama linampa sifa asiyestahili. Tulivyotoka getini na njaa zetu, yule wa Dar anarudisha shuka, mlinzi akatuuliza mbona mmenuna. Tukamsimulia. Akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili, akasema nendeni Kaloleni leo kuna bendi, na nje pale kuna mama anachoma mishkaki. Hatukuwa na mpango huo kabisa. Dereva akasema mimi nina Tarangire kesho, tukamwambia nusu saa tu, tukapanda bajaji wote wanne, shemeji kakaa kwa dereva wa bajaji mbele, hairuhusiwi najua.

Nusu saa gani sasa. Bendi ya wazee, rhumba za zamani, magitaa matatu, mpiga tumba ana kipara kinang'aa na hana haraka na maisha. Mishkaki ya yule mama ni midogo lakini ni nyama, ukiuma unajua umeuma nyama, na pilipili yake ya mbuzi ilimtoa jasho yule wa Dar akasahau baridi. Dereva alikunywa Stoney moja akacheza nyimbo mbili akatukimbia, na kweli asubuhi aliondoka na wageni wake. Sisi tuliobaki... shemeji yangu ninayemjua mimi ni mtu wa kwaya, usiku ule aliombwa na bendi apishe jukwaani watu wengine nao waonekane. Mhudumu wa pale nilisahau simu mezani akanikimbilia nayo mpaka barabarani, hakuomba kitu. Saa nane usiku yule wa Dar anataka picha Mnara wa Saa kwa vile amesikia ndo katikati ya Cairo na Cape Town, nikamwambia hayo wanaambiwa watalii, haya simama nikupige tuondoke. Kulipokucha tuko kwenye mtori, kila mtu ana simu zisizopokelewa za nyumbani, na hakuna aliyekuwa na usingizi.

Kwa hiyo nikikaa nikafikiria vizuri, jamaa angeniletea mguu wangu kama nilivyochagua, saa tatu na nusu ningekuwa kitandani. Kuna siku nilitaka nimpe nyota tatu kwa sababu hiyo. Pilipili yao nayo siyo mbaya, niseme ukweli, na ndizi zilikuwa zimeiva vizuri.

Afu nakumbuka "haina jina" na yule dada anavyocheka, nyota zote narudisha. Moja, na hiyo siyo ya kwao, ni ya mlinzi, na kama mwenye hiyo sehemu anasoma hapa, amwongezee mshahara yule mzee amnunulie na jaketi.

Yule wa Dar kapiga simu juzi, anakuja tena na anataka tuanzie palepale kwa bahati njema. Nimemwambia mimi nitakaa getini na mlinzi.

Na elfu nne yangu haijaingia mpaka leo. Namba anayo.