Draiva za Linux: usafishe mwenyewe kwa goto au uiachie devm?

Ukipewa pachi (mabadiliko ya kodi) ya draiva ya Linux uipitie, angalia kwanza probe, yani fanksheni inayoandaa kifaa kikipatikana, inarudishaje vitu ikifeli katikati. Njia ya zamani ni goto (amri ya C ya kuruka hadi lebo fulani), yani umeomba memori kwa kzalloc, ukawasha kloki, ukaomba IRQ (laini ya intarapti, ishara ya kifaa inayokatiza prosesa), kila hatua ina lebo yake huko chini na unarudisha kinyumenyume, alafu remove (fanksheni inayoitwa kifaa kikiondolewa) inarudia kazi ileile. Uzuri wake mpangilio wote unauona, ila mtu akiongeza hatua katikati akasahau lebo, memori inavuja na inaweza kukaa hivyo miaka maana njia ya kufeli haipitiwi mara nyingi.

Devm, yani fanksheni zinazofunga kila unachoomba na kifaa ili kiachiwe chenyewe, iliingia kwenye kerneli (kiini cha Linux) 2.6.21 mwaka 2007. Unaandika devm_kzalloc, devm_request_irq, basi, kerneli yenyewe inaachia vyote kwa mpangilio wa kinyume. Kwa draiva ndogo za sensa mi naichagua hii bila kufikiria mara mbili.

Lakini mtu akichanganya zote mbili hapo ndo ukaze macho: vitu vya devm vinaachiwa BAADA ya remove kumaliza, so ukifuta bafa kwa kfree ndani ya remove wakati IRQ ni ya devm, intarapti inaweza kuingia ikagusa memori iliyoshafutwa. Na kama kuna programu bado imefungua faili la /dev, kifaa kikichomolewa ile memori ya devm_kzalloc inaondoka huku programu bado inaitumia, kwa data ya hivyo dai kzalloc na kref (kihesabu cha wanaoitumia, inafutwa wa mwisho akiachia).