Muziki wa kukodi nyuma ya magorofa ya Michenzani

Katika mji wetu, mtu akisema anakwenda kukodi muziki, hakuna anayedhani kwamba anakwenda kuajiri wapiga ala. Anakwenda kukodi spika, miksa, maiki na nyaya zake, na mara nyingi jenereta pamoja na fundi wa kuvisimamia. Duka ninalolitathmini hapa lipo Ng'ambo, mjini Unguja, nyuma ya magorofa ya Michenzani. Halina kibao, utalitambua kwa jenereta lililofungwa mnyororo kwenye nguzo ya baraza. Nimekuwa mteja wake tangu Januari 2010, tulipoanza kuandaa maonesho ya rap ya vijana wa maskani, yaani baraza za mitaani wanapokutana, na ninaandika kwa sababu wanaoanza kazi hii leo huniuliza wapi wakodi.

Wakati ule Unguja ilikuwa na zenji fleva yake, yaani muziki wake wa kizazi kipya, na msanii Cool Para alikuwa ameshaonesha kwamba rap na taarab vinaweza kukaa katika wimbo mmoja. Hata hivyo, nyimbo zilizopata nafasi kwa wepesi zilikuwa zile zenye kiitikio cha kuimbwa, na vijana waliochana tu, yaani waliosema mistari yao juu ya biti bila ya kuimba, waliojiita andagraundi, walibaki kusikilizana barazani. Kila Februari, tangu mwaka 2004, walikuwa wakienda Ngome Kongwe kwenye tamasha la Sauti za Busara na kurudi wakitamani sauti safi kama ile, ilhali sisi tuliotaka kuwaandalia jukwaa hatukumiliki hata maiki moja.

Tulianza katika wakati mgumu mno. Umeme wa Unguja ulikuwa ukitoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980 hadi Fumba, na Desemba 2009 njia hiyo ilipoharibika, kisiwa kizima kilikaa gizani kwa takriban miezi 3. Jenereta liligeuka mali ya thamani kubwa. Matangazo yetu tuliyaandika kwa mkono na kuyabandika karibu na visima na vituo vya daladala, kisha tukapita kwa miguu maskani baada ya maskani, Kikwajuni, Jang'ombe na Magomeni, tukieleza siku na mahali, kwa sababu redio nyingi majumbani zilikuwa kimya. Ninakumbuka jioni hizo kwa mapenzi makubwa, maana kijana aliyesikia habari kwa mdomo wetu alikuja na wenzake watatu.

Muziki wetu wa kwanza tulikodi kwingine, na ulituvunja moyo. Spika zilikuwa zimepangwa kwa ajili ya harusi, besi ikitikisa madirisha ya ukumbi wa skuli, na katika kila mistari minne msikilizaji aliambulia neno moja. Wiki mbili baadaye tulikwenda kwenye duka la Michenzani, na fundi wake akatuuliza swali ambalo hatukuwahi kuulizwa: "Vijana wenu wanaimba, au wanasema?" Tulipomjibu kwamba wanachana, alicheka kwa furaha, akatutaka tufike ukumbini saa kumi alasiri pamoja na wachanaji wote.

Hapo ndipo ilipo thamani ya huduma hii, na ninaomba nieleze kwa kirefu. Sauti za herufi kama s, t, k na ch, ambazo ndizo zinazomwezesha mtu kutofautisha neno na neno, hukaa upande wa sauti nyembamba, nyingi zikiwa zaidi ya hezi 2,000, ilhali ngoma ya biti hukaa upande wa sauti nzito kabisa na huwa na nguvu nyingi zaidi. Anayeipandisha ngoma hadi kifua kitetemeke huyazika maneno, na rap ambayo maneno yake hayasikiki ni kelele. Fundi yule alishusha besi, akazisogeza spika mbele ya mstari waliosimama wachanaji ili maiki zisipige mluzi, kisha akamsimamisha kijana mmoja achane huku yeye mwenyewe akizunguka ukumbi hadi viti vya nyuma. Aliporudi alimweleza kijana kwa upole kile alichokirudia kwa kila kundi tulilompelekea: usikifumbe kichwa cha maiki kwa kiganja. Maiki za aina ya SM58, ambazo duka hili linazo, zimeundwa zipokee sauti ya mbele na kuikataa ya nyuma. Ukikifumba kichwa chake unaiharibu kazi hiyo, sauti inakuwa ya ndani ya mtungi, na mluzi unaanza. Vijana walidhani kwamba kushika maiki namna ile ndio uchanaji wenyewe. Baada ya usiku huo waliacha.

Tulilipa shilingi 120,000, mafuta ya jenereta yakiwa juu yetu. Walioingia walikuwa 74 kwa kiingilio cha shilingi 1,000, kwa hiyo tulitoka na deni, na mwenye duka alikubali tulilipe kwa mafungu mawili bila ya kupandisha sauti. Leo bei ni zaidi ya mara tatu ya ile, usafiri wa keri, gari dogo la mizigo, ukihesabiwa mbali, na bado ninaiona ni ya haki. Jambo jingine ninalolithamini ni kwamba hawatoi vifaa mpaka waone kibali cha onesho, ambacho siku hizi hutolewa na Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na fundi huzima muziki mara tu adhana inapoanza, bila ya kusubiri aambiwe. Kijana mgeni wa kazi hii anaweza kuona ni usumbufu, lakini jirani aliyeheshimiwa ndiye atakayekuacha ufanye onesho la pili mtaani kwake.

Kasoro zipo, na moja ni kubwa. Duka hili huishi kwa harusi, na harusi ikigongana na rap, rap ndiyo inayosubiri. Mwaka mmoja, Idd pili, siku ambayo kila mtayarishaji huitegemea kwa sababu vijana wana fedha ya sikukuu mkononi, spika mbili kati ya nne tulizokubaliana zilipelekwa kwenye harusi bila ya sisi kuarifiwa, na watu walisimama mlangoni kwa muda wa saa nzima. Tuliombwa radhi na kurudishiwa nusu ya malipo, lakini makubaliano yalikuwa ya mdomo tu na hatukuwa na cha kuonesha. Vilevile, spika ya kumrudishia mchanaji sauti yake jukwaani ni moja, nayo imechoka; kundi la watu watano haliwezi kujisikia, na wa pembeni hupotea nje ya biti. Nimeshawaambia mara kadhaa waongeze ya pili.

Kwa onesho la watu hadi 300 ndani ya ukumbi ninalipendekeza duka hili bila ya wasiwasi. Kwa kiwanja cha wazi halitoshi, kwani sauti hupotelea hewani na fundi hulazimika kuipandisha besi kuliko anavyopenda mwenyewe. Nenda wiki tatu kabla, ukiwa na kibali chako, mwombe fundi yule mkongwe na si msaidizi wake, na wafikishe wachanaji wako alasiri wakajaribu sauti. Kwa onesho letu la Idd mosi ijayo nimeshalipa malipo ya awali, na safari hii mwenye duka ameandika idadi ya spika kwenye karatasi, akatia saini, nami ninayo.