Yadi ya vyuma chakavu kwenye moduli ya milimita 618: uzoefu wangu

Kwa mtu anayetaka reli ndogo ya treni za mfano ya kuweka juu ya meza, iliyojengwa kwa moduli, yaani kipande kinachoungana na vya wenzako, sijaona mandhari inayolipa kuliko yadi ya vyuma chakavu. Yangu nimeijenga kwa vitu vinne vya kununua: sanduku la plaiwudi lililokatwa kwa leza, reli za Unitrack za kampuni ya Kato, marundo ya vyuma yaliyochapwa kwa resini, na kreni ndogo yenye sumaku ya umeme. Havikunifurahisha kwa kiwango kimoja, ndiyo maana naandika.

Niliamua kufuata utaratibu wa T-TRAK, ulioanzia Japani, kwa kipimo cha N. Hapo kila kitu kinapunguzwa mara 160, na treni hupita juu ya reli zilizoachana kwa milimita 9. Moduli moja ina upana wa milimita 308 lakini reli zake zina urefu wa milimita 310, ili ncha zichomoze milimita moja kila upande na zikutane na za jirani kabla mbao hazijagusana. Moduli pacha ina milimita 618, na reli 620. Hakuna boliti wala klampu kati ya moduli na moduli; viungo vya plastiki vya Unitrack vyenyewe ndivyo vinavyobana. Wenye moduli zao wakikutana, kila mmoja anaweka yake mezani, anasukuma, na treni zinapita.

Sanduku la plaiwudi lilikuja likiwa vipande bapa ndani ya bahasha nene. Ukataji ulikuwa safi. Meno ya kila ubao yaliingia kwenye matundu yake bila kupigwa, na nilipoweka kipimapembe kila kona ilikuwa nyuzi 90. Gundi nyeupe ya mbao ilitosha, vikabanwa usiku mzima. Lawama yangu kwa mtengenezaji ni boliti za miguu. Utaratibu unataka moduli iweze kupandishwa na kushushwa kati ya milimita 70 na 100 kutoka mezani, kwa sababu meza za watu hazilingani. Boliti zilizokuwa ndani ya kifurushi hazikuweza kufika hata nusu ya safari hiyo. Nilizibadilisha kwa ndefu zaidi, na nati zake nikazizamisha kwenye mbao kwa gundi ya epoksi. Ni kasoro ndogo ukiwa nyumbani. Ukienda kuungana na wenzako inakuwa kubwa, maana moduli iliyo chini kwa milimita mbili inavuta kiungo na mabehewa yanaruka.

Reli za Kato sina neno nazo. Zimekuja na tuta lake la kokoto la plastiki na mataruma yake, na vipimo vyake vimepangwa na watu waliofikiri. Pointi namba 6, yaani kile kipande kinachochepusha treni, ina milimita 186. Ukiiunga na kipande kilichonyooka cha 186 na kingine cha 248 unapata 620 kamili, urefu wa moduli pacha. Hukati kitu, hupigi tupa. Pointi hiyo pia ina tabia moja niliyoipenda mno: umeme unakwenda kwenye njia uliyoichagua tu. Ukirudisha pointi kwenye reli kuu, njia ya yadi inakufa, na kichwa cha treni ulichokiacha ndani kinabaki kimesimama huku treni nyingine zikipita nje. Kwa anayetumia umeme wa kawaida wa volti 12, bila mfumo wa kidijitali, hiyo ni swichi nzima uliyopewa bure. Uangalifu unahitajika kwenye nyaya: T-TRAK inataka waya wa bluu uwe kwenye reli za nje na mweupe kwenye za ndani, kwa njia zote mbili kuu zinazopita kwenye moduli, na asiyefuata hilo atasababisha shoti siku ya kuungana.

Reli kuu mbili hukaa upande wa mbele, mandhari nyuma. Njia ya yadi sikuinyoosha iwe sambamba nazo. Niliiacha iende mshazari kuelekea kona ya nyuma, kwa pembe ileile ya nyuzi 15 inayotoka kwenye pointi. Kwa hiyo nikapata sehemu mbili za pembetatu: ya mbele kwa marundo na kreni, ya nyuma kwa lango, ofisi na mizani. Njia yenyewe inameza mabehewa matatu yaliyo wazi juu, ya aina ya Marekani yenye urefu wa kama mita 16, ambayo kwa kipimo hiki ni sentimita 10 kila moja, na kichwa kidogo cha kuyasukuma. Kwa yadi ndogo hiyo ni kazi ya kutosha.

Sasa marundo, na hapa nitakaa kidogo.

Resini yenyewe imechapwa vizuri. Unaona mabomba, sahani zilizopinda, rimu za magurudumu, hata matundu ya boliti. Lakini mtengenezaji amechanganya kila kitu ndani ya kila rundo: injini ya gari juu ya jokofu, jokofu juu ya reli, reli juu ya mapipa. Hilo ni jaa la taka. Yadi ya vyuma chakavu ni biashara, na biashara hiyo inaishi kwa kuchambua. Chuma kizito kilichokatwa vipande kina rundo lake na bei yake. Bati jepesi lina lake. Chuma cha kalibu, magurudumu na ekseli, reli kuukuu, vipande laini vilivyotoka kwenye mashine ya kusaga magari, marobota ya mabati yaliyokandamizwa, kila kimoja kina kona yake iliyozungushiwa ukuta wa matofali makubwa ya zege au mataruma ya zamani. Shaba, shaba nyeupe na alumini havilali nje kabisa; vinafungiwa ndani kwa sababu thamani yake iko juu. Anayeitazama moduli yako kwa makini anataka kuona mpangilio huo, hata kama hajui jina lake. Akiuona, anaamini kwamba mahali hapa watu wanafanya kazi.

Kwa hiyo marundo ya resini niliyakata. Msumeno mwembamba ulitosha, pamoja na barakoa, kwa kuwa vumbi la resini si la kuvuta. Vipande vya bomba nikaviweka na bomba, sahani na sahani. Marobota nilijitengenezea kwa karatasi ya alumini ya jikoni: unaikunja ovyo, unaipaka rangi kidogo ya bluu, nyekundu na nyeupe kwa mabaka, kisha unaikandamiza ndani ya kikalibu cha mraba. Robota la milimita 5 ni sawa na la sentimita 80 katika ukubwa halisi, na yanapangana vizuri mno. Angalia urefu wa rundo pia. Rundo la mita tano ni milimita 31 tu. Mtu wa kawaida ni milimita 11. Marundo mengi niliyoyaona kwenye moduli za watu ni milima ambayo hakuna kreni ingeifikia.

Kreni ndiyo iliyonivutia kununua, na ndiyo iliyonifundisha jambo ambalo maelekezo yake hayakuligusa. Sahani yake ya sumaku ina kipenyo cha milimita 10, sawa na mita 1.6, kipimo kinachoaminika kabisa. Ukiwasha umeme inanyanyua, ukizima inaachia. Lakini ili inyanyue inahitaji chuma, na chuma kilicholegea hakitakiwi kabisa karibu na treni ndogo. Ndani ya mota ya kila kichwa mna sumaku za kudumu. Unga wa chuma, nyuzi za sufu ya chuma (steel wool), hata vipande vidogo vya pini, vyote huvutwa kutoka kwenye mataruma, vikaingia kwenye mota, na mota ikafa. Wapo wanaouza unga wa chuma halisi kama mapambo ya yadi za aina hii. Usiununue. Karatasi ya alumini na nyuzi za shaba hazivutwi, ila zikianguka juu ya reli mbili kwa pamoja zinaleta shoti.

Suluhisho nililolipata ni kufungia chuma ndani. Nakata pini za stepla, nazizamisha katikati ya donge la plastiki na gundi, juu napaka rangi, mwisho vanishi isiyong'aa. Donge linavutwa na sumaku kama kawaida lakini halitoi punje. Kwa namna hiyo kreni inafanya kazi, ingawa uwezo wake ni mdogo: dongedonge jepesi tu, moja kwa wakati. Koili yake inapata moto ukiiacha imewashwa, kwa hiyo nimeiwekea kitufe cha kubonyeza badala ya swichi ya kubaki. Kama unaitaka kwa sura, ni nzuri sana. Nguzo zake na kibanda cha dereva vimetengenezwa kwa upendo. Kama unaitaka ipakie behewa zima mbele ya watazamaji, utachoka kabla yake.

Kutu ni somo lenyewe. Chuma kilichokaa miaka kina kahawia iliyokolea, karibu na nyeusi. Rangi ya machungwa ni ya kutu changa. Wengi wanapaka machungwa kila mahali na yadi inaonekana imewaka moto. Mimi naanza na kahawia nyeusi kote, nagusa machungwa kwa kipande cha sponji kwenye kingo na sehemu zinazosuguliwa, namalizia kwa unga wa rangi uliokaziwa na vanishi. Alumini ibaki kijivu. Chuma cha pua king'ae. Rangi hizo tofauti ndizo zinazomwambia mtu kwamba marundo si ya aina moja. Ile mbinu ya chumvi, ya kunyunyiza punje kabla ya rangi na kuzisugua baadaye ili kutu ionekane chini, haifai kipimo hiki bila kuisaga chumvi: punje ya milimita moja inaacha baka la sentimita 16.

Mabehewa nayo yasiwe mapya. Behewa linalobeba vyuma chakavu linadondoshewa mizigo miaka yote, na pande zake huvimba kwa nje. Nilipasha moto kidogo fimbo ya chuma, nikasukuma plastiki kutoka ndani, polepole. Ndani nikapaka kutu, nje nikaacha rangi ya awali iliyofifia.

Ninachokipenda zaidi kwenye mandhari hii ni kwamba treni ina sababu ya kuingia na sababu ya kutoka. Mabehewa matupu yanaingia, yaliyojaa yanatoka kwenda kwenye tanuru. Na wakati mwingine kinachoingia ni treni yenyewe, kuja kukatwa. Huko Barry, kusini mwa Wales, yadi ya ndugu wa Woodham ilianza mwaka 1959 kupokea vichwa vya mvuke vilivyoondolewa na reli za Uingereza. Vilifika 297. Dai Woodham, mwenye yadi, alitanguliza kukata mabehewa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa rahisi zaidi, na vichwa vikabaki vimepanga mistari kwenye hewa ya bahari, vikishika kutu. Kusubiri huko kuliwapa wapenzi wa reli muda wa kuchanga fedha, na vichwa 213 viliondoka pale vikiwa vizima kwenda kuhifadhiwa. Ukiweka kichwa kimoja cha kale chenye kutu mwisho wa njia yako, kando ya rundo la magurudumu, historia hiyo inaingia ndani ya moduli bila kibao wala maandishi. Changu nimekitengeneza kwa ganda la plastiki lisilo na mota, nikaliondolea fito za pembeni zinazounganisha magurudumu.

Ili mabehewa yajae na kumwagwa mchezoni, shehena zangu zinatoka nzima. Kila moja ni kipande cha ubao chembamba chenye vyuma juu yake, na ndani yake nimezika kipande cha bati. Nainyanyua kwa sumaku iliyobandikwa kwenye kijiti, naihamishia behewa lingine. Inachukua sekunde chache na haigusi kitu kingine.

Kitu kimoja ambacho vifurushi vyote vilikisahau ni mizani ya malori. Vyuma chakavu hununuliwa kwa uzito, kwa hiyo lori linapimwa likiingia na linapimwa tena likitoka. Lango lisilo na mizani si lango la yadi. Kipande cha plastiki chenye urefu wa milimita 112 kinatosha kwa mizani ya mita 18. Kiweke sawa na ardhi, kikwaruze kwa msasa, kando yake weka kibanda chenye dirisha.

Kwa jumla nalipatia sanduku la plaiwudi nyota nne, reli tano, kreni tatu na nusu. Marundo ya resini nayapa tatu kwa jinsi yalivyo, ila kwa atakayekuwa tayari kuyakata na kuyachambua, yanafika nne na nusu. Ukiagiza, agiza pia boliti ndefu za miguu, kitufe cha kubonyeza kwa ajili ya kreni, na pointi namba 6 ya upande unaolingana na mwelekeo wa njia yako, kwa sababu za kushoto na za kulia huuzwa mbalimbali.