Kulinda demokrasia Kenya: kortini au barabarani?

Kwa kasi, barabara inashinda. Juni 25, 2024 waandamanaji waliopinga kodi mpya waliingia Bungeni. Kesho yake Rais Ruto akakataa kutia saini Mswada wa Fedha uliokuwa na kodi hizo. Kesi ya BBI, mpango wa kubadilisha katiba uliozuiwa na mahakama, ilichukua zaidi ya miezi 10, tangu uamuzi wa Mahakama Kuu Mei 2021 hadi Mahakama ya Juu Machi 2022.

Lakini gharama! Wakili hulipwa pesa; barabarani makumi ya watu walilipa kwa uhai wao, na hilo linaniuma hadi leo.

Kudumu? Hukumu hubaki kuwa rejea, mradi serikali iitii.

Ikiwa katiba imevunjwa na ushahidi unao, nenda kortini. Ikiwa majaji wametiwa mfukoni, au mswada unapitishwa wiki hii, imebaki barabara, kwa amani.