Jiko zuri, ila ile simu imenikaa rohoni

Naandika haya nikiwa na hasira za wiki kadhaa, mnivumilie. Nilinunua jiko kubwa la mkaa la kuchomea nyama, lile lenye mfuniko na magurudumu mawili. Upana wake na uzito wake mtavikuta kwenye tangazo lao. Mimi nina habari ya mguu wa nyuma kushoto.

Miguu mitatu ilifungwa bila shida. Boliti zote nilizishikiza tu kwanza, sikukaza hata moja, maana ukikaza upande mmoja mapema matundu ya upande wa pili hayakutani tena. Mguu wa nne ukagoma. Boliti inaingia mizunguko miwili, inaganda. Nikajaribu nyingine, yale yale. Mume wangu kazi yake ilikuwa kunishikia tochi, na hiyo yenyewe aliifanya huku anasinzia. Washa mbili, vile viduara vya chuma vya kukaa chini ya boliti, zilizopotelea kwenye majani nazo ni zake.

Nikapiga namba iliyo nyuma ya karatasi ya maelekezo. Muziki, muziki, muziki, hatimaye akapokea kijana. Nikamweleza taratibu: mguu gani, boliti ipi, inagandia wapi. Akaniacha nimalize, kisha akaniuliza, "Dada, kwani hapo nyumbani hakuna mwanaume akusaidie?"

Nilimgeukia mwanaume wa hapo nyumbani. Ghafla tochi ikawa imempendeza sana, anaigeuzageuza.

Nikamjibu kijana kwamba mwanaume yupo, ila mwenye spana ni mimi. Akacheka. Akasema malalamiko ya namna hiyo hawajawahi kuyapata, pengine nikaze kwa nguvu zaidi. Nikakata simu kabla ulimi haujanitoka. Nguvu! Ningeisikiliza nguvu yake, boliti ingekatikia ndani ya mguu na jiko zima lingekuwa chuma chakavu kabla halijaona kaa la moto.

Shida ilikuwa rangi. Nati imechomelewa kwa ndani ya mguu, na waliopuliza rangi hawakuziba tundu, kwa hiyo ilikaukia kwenye meno ya nati. Nilipomulika niliiona inang'aa mle ndani. Basi nikaipaka boliti mafuta ya kupikia, nikaizungusha nusu mzunguko mbele, robo nyuma, nusu mbele, robo nyuma. Nikaitoa imebeba chengachenga nyeusi, nikaifuta, nikairudisha. Zaidi ya nusu saa nimepiga magoti. Ilipozama mpaka mwisho nilipiga kelele majirani wakachungulia. Sasa niambieni, hilo ni jambo la kujibiwa na mtu anayeulizia mume?

Nilikuwa nimeshaapa kulirudisha asubuhi yake. Nikaliwasha usiku ule kwa ubishi tu, likiwa tupu kama inavyotakiwa, ili mafuta ya kiwandani yaungue kabla chakula hakijagusa wavu. Hapo ndipo kiapo changu kilipoharibika. Matundu ya hewa ya chini ukiyafungua moto unanguruma, ukiyabana unatulia kama mtoto aliyeshiba. Nimepikia majiko mengi, hili linasikia.

Siku ya kuku nilisogeza makaa yote upande mmoja, kuku nikamlaza upande usio na moto, nikafunika. Mafuta yanadondoka pembeni, hakuna ndimi za moto za kuunguza ngozi huku ndani bado mbichi. Alitoka na rangi ya asali, mfupa unachomoka wenyewe. Kile kipimajoto cha kwenye mfuniko msikitegemee, kinapima hewa ya juu na wala si nyama. Mimi huchoma changu pajani, kikifika nyuzi 74 za Selsiasi namtoa. Ukimaliza unafunga matundu yote, moto unakufa kwa kukosa hewa, na kesho unakuta mkaa umebaki wa kuwashia tena.

(Mvua ilitukuta siku hiyo hiyo. Mume wangu akapendekeza tulisukume stoo, mlango tuuache wazi. Nikamkatalia. Mkaa unaowaka unatoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mlango wazi si dawa. Tulikula tumelowa.)

Kwa hiyo nilikuja hapa kutoa nyota tano. Nikamkumbuka yule kijana nikashusha hadi mbili. Nikafikiri tena kwamba si jiko lililopokea simu, nikapandisha hadi nne. Lakini basi, nani aliyelipaka rangi mpaka kwenye nati? Nikarudi tatu, na hapo nilikuwa nimetulia kabisa.

Halafu juzi mpini wa mfuniko umelegea na boliti yake haionekani, na ni ya aina yake, haifanani na yoyote niliyo nayo. Kipuri kinaagizwa kwa namba ile ile. Mume wangu amejitolea kupiga yeye, eti sauti ya kiume watamhudumia haraka. Nimemwambia asithubutu. Kwa sasa mfuniko naufungua kwa glavu nene na koleo, na hiyo nyota ya tatu nimeifuta.