PACER: jalada zima la kesi, senti 10 kwa ukurasa

Aliyezoea Kenya Law au TanzLII, tovuti za bure za hukumu, hushtuka akifika mara ya kwanza PACER, mfumo wa mtandaoni wa mahakama za shirikisho za Marekani: hapa hata kutafuta jina kunalipiwa. Andika jina, mfumo ukose kesi hata moja, bado unadaiwa senti 10 za Marekani. Lakini kwenye Kenya Law na TanzLII tunachosoma zaidi ni hukumu. PACER inakufungulia jalada zima: hati ya madai, majibu, viapo, vielelezo, hadi amri ndogondogo za jaji. Jimbo linapovutana na serikali ya shirikisho, utamu uko kwenye hizo karatasi.

Chukua kesi ya Marekani dhidi ya Arizona kuhusu SB 1070, sheria ya uhamiaji ya jimbo hilo. Jalada la kwanza ni 2:10-cv-01413-SRB. Hiyo 2 ni ofisi ya Phoenix, 10 ni mwaka 2010, cv ni madai, 01413 ni namba ya usajili, na SRB ni jaji Susan R. Bolton. Humo limo zuio alilotoa Julai 2010 dhidi ya vifungu vinne. Rufaa ilipofika Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 9 ilipewa namba yake, 10-16645. Mahakama ya Juu iliisajili kama 11-182, na mwaka 2012 ikabatilisha vitatu kati ya vifungu hivyo. Jalada hili la tatu usilitafute PACER, halimo. Orodha yake iko bure kwenye tovuti ya Mahakama ya Juu, ingawa hati zenyewe zilianza kuwekwa pale Novemba 2017.

Sasa bei, maana ndipo wengi wanapoumia. Kikomo ni dola 3, lakini ni kwa hati, si kwa ombi zima. Ombi lenye vielelezo sita, lenyewe na kila kielelezo vikizidi kurasa 30, huhesabiwa kama hati saba: dola 21. Fungua kimoja kimoja, usipakue vyote kwa mkupuo. Matokeo ya utafutaji na kumbukumbu za maneno yaliyosemwa mahakamani hazina kikomo kabisa. Orodha ya jalada nayo huhesabiwa kurasa, kwa hiyo weka tarehe ya kuanzia kabla ya kuifungua. Matumizi yasiyozidi dola 30 kwa robo mwaka husamehewa, yakifika 30.10 unalipa zote, si ile senti 10 ya juu. (Bei hizi zenyewe ziliwahi kushtakiwa, na serikali ikakubali kutoa dola milioni 125, suluhu hiyo iliidhinishwa 2024.) Maamuzi ya majaji ni bure, ila pale tu mahakama ilipoyawekea alama kuwa ni maamuzi. Isipoweka, mita inasoma.

Ndiyo maana usianzie PACER. Anzia CourtListener, hifadhi ya bure ya hati za kesi ya shirika la Free Law Project, na kwenye kivinjari weka kiendelezi chao cha RECAP, jina ambalo ni PACER likisomwa kinyumenyume. Hati aliyokwisha kuinunua mwingine mwenye RECAP inaonyeshwa alama, unaichukua bure. Unayoinunua wewe inawafaa wanaofuata. Kasoro yake ni kwamba orodha inaweza kuwa imechacha, kwa hiyo tazama tarehe iliposasishwa mwisho kabla hujasema kesi imelala.

Kesi iliyofunguliwa leo usiitafute kwenye kitafutio cha nchi nzima, kwa kuwa husasishwa mara moja tu kwa siku. Ingia moja kwa moja kwenye mfumo wa mahakama husika. Mahakama za majimbo hazimo kabisa. Kila jimbo lina mlango wake na bei zake.

Kuna kizuizi kimoja ambacho ndugu zetu walioko Marekani hukutana nacho: kesi za uhamiaji zilizofika mahakama za shirikisho. Chini ya Kanuni ya 5.2(c) ya kanuni za shirikisho za kesi za madai, ukisoma kwa mtandao na si upande katika kesi unaona orodha na maamuzi ya jaji tu. Hati nyingine hadi uende kwenye kompyuta ya umma mahakamani, ambako kusoma ni bure na kuchapa ni senti 10 ukurasa.