Mafunzo ya Huduma ya Kwanza kwa Walimu wa Lamu: Yaliyotufaa na Yaliyopungua

Katika likizo ya Agosti, walimu 18 wa shule yetu ya msingi mjini Lamu tulihudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza ya siku mbili yaliyoendeshwa na taasisi moja kutoka Mombasa, kwa ada ya shilingi 4,500 kwa kila mwalimu, chai na chakula cha mchana vikiwa ndani ya ada hiyo. Tangu hapo walimu wenzetu wa Shela, Matondoni na kisiwa cha Pate wamekuwa wakiniuliza kama mafunzo hayo yana thamani ya fedha hizo, nami nimeona afadhali niwajibu kwa maandishi, kwa sababu jibu lenyewe si moja. Siku ya kwanza ilistahili kila shilingi tuliyolipa. Siku ya pili ilitayarishwa kwa watu wanaoishi mahali pengine.

Asubuhi ya kwanza tulipewa karatasi ya maswali, na karibu sote tukapata alama za kuridhisha. Baada ya chai, mkufunzi, ambaye ni muuguzi mstaafu mwenye sauti ya chini, alilaza sanamu tatu za plastiki juu ya mikeka, akawa anatuita mmoja mmoja. "Mtu huyu hapumui," alisema. "Mwalimu, fanya ulichoandika." Mwenzangu aliyekuwa amepata alama zote alipiga magoti, akaweka mikono karibu na tumbo, akabonyeza polepole kama anayejaribu unga wa mahamri kuona umeumuka. Zamu yangu ilipofika sikufanya vizuri zaidi. Ndani ya sanamu zile mna springi inayotoa mlio mdogo kifua kinapobonyea kwa kina kinachotakiwa, nami nilikandamiza mara kumi bila kusikia chochote. "Nyoosha viwiko, mwalimu. Nguvu itoke mabegani. Usimwonee huruma, huruma yake ni hiyo nguvu." Nilipoinuka juu ya sanamu na kuuachia uzito wa mwili wangu, mlio ukaja, kisha ukafuatana.

Tuliendelea hivyo hadi adhuhuri: kukandamiza mara 30, kupuliza pumzi 2, kisha kurudia, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikibonyea sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, na kwa mtoto thuluthi moja ya unene wa kifua chake. Dakika mbili za kazi hiyo zinatosha kumchosha mtu mwenye afya njema, kwa hiyo tulifunzwa namna ya kupokezana bila kukatiza. Bango lenye takwimu hizo limekuwa ukutani mwa ofisi yetu kwa miaka, na wengi wetu tungeweza kulisoma kwa kichwa, lakini hapana aliyekuwa amejua kwamba kazi hiyo huumiza vifundo vya mikono. Ikiwa kuna sababu moja ya kulipia mafunzo haya badala ya kununua kitabu, ni hiyo.

Sehemu iliyonigusa zaidi ilikuwa ya kifafa. Mwaka uliotangulia, mtoto wa darasa la nne alianguka darasani kwangu, mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kutetemeka, nami nikafanya yote niliyowahi kuwaona watu wazima wakifanya: nikamshika mikono kwa nguvu, nikaagiza kijiko kutoka jikoni, nikakiingiza baina ya meno. Jino moja la mbele likavunjika. Mama yake alipokuja hakunilaumu, bali alinishukuru, na shukrani ile imekuwa nzito kwangu kuliko lawama. Mkufunzi alipouliza ni nani amewahi kutumia kijiko, mikono mingi ilinyanyuka. Akatueleza kwa utulivu kwamba mtu hawezi kuumeza ulimi wake. Kwamba kazi ya mwalimu ni kusogeza madawati, kuweka kitu laini chini ya kichwa, kutazama saa, na mtetemeko ukishatulia kumlaza mtoto ubavu ili mate yatoke na njia ya hewa ibaki wazi. Na kwamba ukizidi dakika 5, au ukirudi kabla mtoto hajapata fahamu, apelekwe hospitali bila kungoja. Nilimpenda zaidi kwa namna alivyomjibu mwalimu wetu mmoja aliyesema kwamba kwao watu husoma dua kwanza. "Dua isomwe," alisema, "na mdomo wa mtoto usiguswe." Hakumdharau mtu, na hakuliacha kosa lipite.

Mambo mengine ya siku hiyo yalikwenda haraka lakini kwa usahihi. Mtoto anayetokwa na damu puani ainame mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15, wala asiinuliwe kichwa juu kama tulivyozoea, kwa maana damu huteremka kooni. Aliyeungua amwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na dawa ya meno ibaki ya meno. Kuhusu kitu kinapomsakama mtoto kooni, mkufunzi alionyesha mapigo 5 kati ya mabega na minyo 5 ya tumbo, akachukua mfano wa kokwa za ubuyu ambazo watoto wetu humung'unya wakikimbia uwanjani wakati wa mapumziko. Mfano huo ulitoka kwa mtu wa pwani, na sote tuliona watoto tunaowajua.

Ndiyo maana siku ya pili ilinisikitisha. Saa mbili nzima zilitumika kueleza namna ya kumtoa majeruhi katika gari lililopinduka. Kwa walimu wa Witu au Hindi, kule bara, jambo hilo lina maana, sikatai, lakini mji wetu ni wa vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Watoto wetu hupigwa mateke na punda, huanguka kutoka darini na juu ya kuta za mawe, na alasiri maji yakijaa hujirusha baharini kutoka gatini. Suala la kuzama lilipewa dakika zisizozidi kumi mwishoni mwa siku, wakati wengine tulikuwa tunakunja mikeka. Nalo ndilo lililohitaji muda, kwa kuwa aliyezama kilichomkosa kwanza ni hewa, na kwa sababu hiyo miongozo ya Ulaya inataka pumzi 5 zitangulie kabla ya kifua kukandamizwa. Lilihitaji pia maelezo ya kumfikia mtoto bila mwalimu naye kuzama: kumrushia kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko, badala ya kujitosa na nguo. Kuhusu mwiba wa samaki aitwaye taa, ambao kila mvuvi wa hapa anaujua, hatukusikia neno. Mguu uliochomwa hutiwa katika maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu, na maumivu hupungua. Hilo ninalijua kwa kuwa nimelelewa hapa, wala silijui kwa mafunzo haya.

Kasoro ya pili ni sanamu zenyewe, ambazo zote tatu zilikuwa na kimo cha mtu mzima. Sanamu za namna hii zilianza kutengenezwa mwaka 1960 na Asmund Laerdal wa Norway, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza vitu vya watoto vya kuchezea, na leo zipo za watoto na za vichanga pia. Kuwafunza walimu wa shule ya msingi kwa mwili wa mtu mzima pekee ni kuwaacha wakisie kazi iliyo yao hasa. Mtoto wa darasa la kwanza hukandamizwa kwa mkono mmoja, na mkono wangu haujui uzito wake.

Halafu kuna suala la msaada kufika. Kijitabu tulichopewa kinasema: piga simu, gari la wagonjwa litafika. Kwetu mtoto hubebwa mikononi au kwa machela hadi Hospitali ya King Fahd, na kwa shule za Pate safari ni ya mashua, ambayo huenda ikalazimika kungoja maji yajae ili ipite Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara. Mkufunzi alikubali kwamba hakuwa ameliwaza, na uungwana wake nauheshimu, lakini taasisi inayotoza ada kamili ingeliwaza kabla ya kuvuka kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara. Sanduku la vifaa walilotuuzia kando ya ada nalo halikulingana na hewa ya bahari, kwani mkasi na pini zilishika kutu kabla ya Novemba.

Mwezi huo wa Novemba niliwakusanya wenzangu ofisini na kuwaomba wanionyeshe tena, safari hii juu ya mto wa sufi. Kwenye kifafa hapana aliyekosea, na hilo lilinifariji. Kwenye kifua, viwiko vilikuwa vimeanza kukunjika tena, na wengi walisahau kumtuma mtu kuita msaada kabla ya kuanza. Imeonekana kwingi duniani kwamba ustadi huu hupungua ndani ya miezi michache usiporudiwa, na cheti chetu kinasema kinadumu miaka miwili.

Kwa hiyo ningewashauri wenzangu wa Shela na Matondoni walipie, ila wasitie saini kabla ya taasisi kukubali kuleta sanamu za watoto, kutenga asubuhi nzima kwa ajili ya bahari, na kurudi kwa nusu siku baada ya miezi mitatu bila ada mpya. Sisi hatukuomba, na hatukupewa. Kwa shule za Pate ningeongeza sharti moja: mkufunzi afike siku moja mapema kwa mashua ileile wanayosafiria watu wote, kisha atembee na walimu kutoka mlango wa darasa hadi kituo cha afya kilicho karibu, saa ikiwa mkononi, kabla hajamfunza mtu yeyote la kufanya wakati msaada unangojwa.